Jiwe laulizwa linatoka wapi, haliulizwi linakwenda kwa nani

Wakaaji wengi wa komini ya Kikula, mjini Likasi, wanaambiwa kila siku kwamba silaha za kisasa ni mambo ya wakubwa wa ulaya, hayawahusu. Ni uongo, na familia zilizokimbia vita ndizo zinaulipia.

Leo majeshi makubwa yanashindania skrini ndogo sana, karibu sawa na kifuniko cha chupa ya soda, yenye nukta za mwanga zaidi ya milioni 4. Askari anaiweka mbele ya jicho, ndani ya kofia au ndani ya darubini ya bunduki. Humo anaona ramani, picha ya drone, na mtu aliyejificha gizani. Mwaka 2023 Samsung ilitoa dola milioni 218 kununua eMagin, kampuni ya Marekani ambayo skrini zake zilikuwa zikitumiwa na jeshi.

Lakini skrini peke yake haioni kitu. Darubini inayoona joto la mwili mara nyingi ina lenzi ya gerimani, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia joto. Mitambo ya namna hiyo inahitaji pia tantali, inayotoka katika koltani, na betri ambazo nyingi zina kobalti. Gerimani iko Lubumbashi, katika mlima wa takataka za shaba unaoitwa Big Hill. Oktoba 2024 Gécamines ilitangaza kwamba mzigo wa kwanza umeuzwa kwa Umicore ya Ubelgiji.

Umicore ni nani? Ni jina jipya la Union Minière, iliyochimba urani ya Shinkolobwe, karibu kabisa na Likasi. Urani hiyo ilitumika katika bomu lililoangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji waliobeba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda wapi. Miaka 80 imepita, na watoto wao bado hawaambiwi.

Tangu 2010 sheria ya Marekani inalazimisha kampuni kusema kama koltani na dhahabu yao inatoka Kongo. Vizuri. Lakini ni swali la upande mmoja: jiwe linaulizwa limetoka wapi, haliulizwi litatumika na nani. Rubaya, katika Masisi, ilianguka mikononi mwa M23 mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba waasi wanakusanya huko dola 800.000 kwa mwezi. Mama aliyekimbia Masisi ana haki ya kuuliza kama koltani ya kwao itarudi siku moja ikiwa jicho la bunduki.

Kinshasa nayo isijifiche. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kobalti, gerimani na koltani kuwa madini ya kimkakati. Kitu gani kilibadilika? Kodi ilipanda mpaka 10%. 

Wengine watasema: tukiuliza sana, wanunuzi watakimbia. Waangalie China. Tangu Agosti 2023, gerimani haitoki kule bila ruhusa, na anayeomba ruhusa lazima aonyeshe mtumiaji wa mwisho. Wanunuzi hawakukimbia. Bei ndiyo ilipanda.

Basi wabunge waliochaguliwa na Likasi wana kazi. Waombe sheria kwamba kila mkataba wa madini hayo matatu uandike mtumiaji wa mwisho, usomwe hadharani, na mnunuzi atakayeuzia wanaofukuza Wakongomani majumbani mwao apoteze mkataba. Wakirudi Kikula kuomba kura, swali la kwanza liwe hilo: mliuliza linakwenda kwa nani?