Mto Ukila Pembe ya Shamba, Hiyo Tayari ni Aljebra

Wasee wa Ndera, kuna hii stori nimechoka nayo: "Hizi x zitanisaidia wapi mimi?" Na wengine wanaisema jembe likiwa mkononi, manze.

Chukua shamba la mraba kando ya Tana, hatua 10 kwa 10. Mafuriko yamekuja, mto umekula pembe moja, hatua 3 kwa 3. Kimebaki nini? 100 toa 9, yaani 91, lakini shamba sasa lina umbo la ajabu kama herufi L. Likate. Unapata kipande cha 10 kwa 7 na kingine cha 3 kwa 7. Viunganishe kwenye ule upande wa 7, una mstatili wa 13 kwa 7. Hiyo 13 ni 10 jumlisha 3. Hiyo 7 ni 10 toa 3. Basi! Ndiyo tofauti ya miraba miwili, a² − b² = (a + b)(a − b), ile iliyowafanya wengi wachukie hesabu kidato cha pili.

Kwa hivyo ugomvi wangu si na x, ni na kukariri. Fomula inaandikwa ubaoni, inapigiwa mstari, "shikeni hivyo hivyo." Halafu mtu akiandika x² + 9 = (x + 3)(x + 3) anaitwa mzito. Angefundishwa kuchora mraba wa x + 3 kila upande, angeviona mwenyewe vile vipande viwili vya 3x alivyoviacha nje.

Na si mchezo. Gredi ya 10 sasa ina hisabati za aina mbili: nzito ya wanaoelekea sayansi, na nyepesi ya wengine. Mtoto wa huku akishaamini hesabu si zake, atajipeleka mwenyewe kwa ile nyepesi, na uinjinia umemponyoka akiwa na miaka 15. Halafu mifereji na tuta za kuzuia mto zipimwe na nani? Wageni tena?

Dalali naye hangoji. Kilo 38 za mahindi kwa shilingi 42 kila kilo: yeye anabonyeza simu, wewe unamtazama mdomo. Ebo! 38 ni 40 toa 2, 42 ni 40 jumlisha 2. Kwa hivyo ni 1,600 toa 4. Shilingi 1,596, na simu yake bado iko mfukoni. Akisema 1,500, mwambie abonyeze tena.