Bustani za Thika na Ruiru: Tuanze na Bikoni

Leo naweka kodi kando niongee kuhusu bustani. Huku kwetu kwenye barabara ya Thika, wananchi wakiitwa kutoa maoni kuhusu bustani za mji, mazungumzo huwa yale yale: viti, vyoo, taa, nani atafagia, wapiga picha walipe ngapi. Sawa, ni mambo mazuri. Lakini mimi ningependa tuulize kwanza, hata kabla ya maombi ya kufungua kikao: bustani hii inaanzia wapi, inaishia wapi, na namba yake ya ploti ni gani?

Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba kitu kisicho na namba yake kwenye hifadhidata ni rahisi kufutwa bila mtu kushtuka. Ardhi ya umma imefutwa hivyo hivyo. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 imejaa habari za ploti za umma zilizogeuka kuwa mali za watu.

Thika ina afadhali. Iko Christina Wangari Gardens, ingawa wengi wanaijua kwa mikutano ya siasa. Iko pia Mugumo Gardens, penye ule mti wa utabiri wa Mugo wa Kibiru: mugumo ukianguka, ukoloni umekwisha. Wazungu wakauzungushia chuma. Ukaanguka mwaka 1963 na chuma chake! (Sijawahi kuona hati miliki iliyolindwa kwa bidii namna hiyo.)

Kazi kubwa iko Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 Thika. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa, mpaka aina ya Ruiru 11 iliyotolewa 1985 ikapewa jina lake. Kahawa iking'olewa, shamba linakatwa ploti za hamsini kwa mia. Kwenye ramani ya ugawaji huachwa sehemu ya shule, zahanati, uwanja wa watoto. Ramani inaingia kabatini, na baada ya miaka unakuta pale pa watoto pana ghorofa la kupangisha. Bustani ya Ruiru, kama tutaipata, itatoka kwenye ploti hizo, na kwenye mashamba ambayo bado hayajakatwa. Michoro ya rangi ya mshauri haiongezi hata futi moja.

Kuna watakaosema Tatu City imepangwa vizuri na ina kijani. Ni kweli, lakini ule ni mji wa mwekezaji. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti, kwa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, inashikiliwa kwa niaba ya wakazi. Kwa hiyo tukiomba orodha yake hatuombi msaada.

Orodha yenyewe si mradi wa mamilioni. Ni jedwali moja kwa kila wadi: jina, namba ya ploti, ukubwa, bikoni ziko wapi, sasa hivi pana nini. Liwekwe kwenye intaneti na libandikwe ukutani kwa wasio na bando. Halafu sisi wenye simu tuzunguke mipaka kwa miguu na kuichora kwenye OpenStreetMap, kama vijana wa Map Kibera walivyofanya kwao kuanzia 2009. Ramani yetu haitakuwa na nguvu ya ile ya mpima ardhi, lakini zikitofautiana tutajua mahali pa kuuliza.

Jambo jingine ni matoleo. Rasimu ya pili ikitoka, ionyeshe mstari kwa mstari nini kimebadilika. Kama "uwanja wa watoto" umekuwa "matumizi mseto", tuone. Na tuangalie kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Ukipeleka ombi la bustani mwezi wa Juni umechelewa.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, kila mtu Nairobi alijua Uhuru Park ni ipi. Uwanja wa watoto ambao uko kwenye karatasi tu, nani atasimama mbele yake?

Kwa hiyo, mzee wako akiwa alinunua hisa kwenye kampuni ya mashamba, mwulize iko wapi ile ramani ya kwanza ya ugawaji. Ipige picha kabla mchwa hawajaimaliza, uje nayo kikaoni.