TAMKO LA TAWI: NDEGE ISIYO NA VIPURI HAILINDI MTU

Ndugu wanachama wa Tawi la Namasakata,

Wiki hii kundini mmejadili ndege za kuwinda nyambizi, na swali likaulizwa: sisi tulio mbali na bahari yanatuhusu nini? Tunasema yanatuhusu, kwa damu na kwa fedha.

Tuanze na damu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Wengi waliokuwamo walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga torpedo mbili. Meli ilizama kwa dakika zisizozidi 3. Walikufa watu 1,297, na kaburi lao ni bahari.

Nyambizi za vita vile zilitumia betri chini ya maji, na betri zikiisha zililazimika kupanda juu kuchaji. Ndege ikiwa angani, nyambizi hujificha chini na kutambaa polepole, meli zikapita salama. Kwa hiyo ndege ya doria huokoa watu hata siku isiyodondosha bomu, mradi iruke kila siku.

Pwani yetu ilikuwa nazo. Kikosi 259 cha Jeshi la Anga la Uingereza kiliundwa upya Kipevu, Mombasa, mwaka 1943 kikiwa na Catalina, ndege zinazotua majini, kisha kikahamia Dar es Salaam. Tarehe 20 Agosti 1943, Catalina za kikosi hicho na za kikosi 265 ziliizamisha nyambizi ya Ujerumani U-197 kusini mwa Madagaska.

Lakini Catalina ilitoka Marekani, na ilikaa kwenye maji ya chumvi yanayokula chuma. Vipuri vyake vilisafiri mbali, katika bahari zilezile zenye nyambizi. Ukiwa na ndege 10, na 5 zinangoja vipuri, una ndege 5. Adui hajali zilizo kwenye daftari, anaogopa zilizo angani.

Hapo ndipo inapoingia fedha yetu. Pampu ya kisima, mashine ya kusaga ya kikundi, pikipiki ya kupeleka chanjo: siku ya uzinduzi tunapiga vigelegele, halafu beringi moja ikifa, akina mama wanarudi kuchota mtoni. Kitu kimenunuliwa, huduma haipo.

Kwa hiyo msimamo wa Tawi ni huu:

1. Mradi wowote utakaoletwa kwetu tuuulize kwanza: vipuri vinapatikana wapi, fundi ni nani, na fedha ya matengenezo imetengwa kiasi gani? Bila majibu hayo, wajumbe wetu wasiuunge mkono.

2. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, Tawi liwakumbuke pia waliozama baharini. Wenye babu au ndugu aliyekuwa Keya na hakurudi, wampe Katibu jina lake kabla ya siku hiyo, lisomwe mbele ya watu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wale hawakupata hata nafasi ya kujenga ukuta. Sisi tunayo, tuitumie.

Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Namasakata.
Tafadhali msomee na mwanachama asiye na simu.