Bosi, AI Yako Pia Ina Mita

Wasee, kuna wimbi limefika Garissa na mimi silipendi. Kila mwenye duka siku hizi ana mtu wa kumnong'oneza, "weka AI ijibu wateja WhatsApp, utaokoa pesa." Pesa zipi? Tuseme ukweli: wanamaanisha yule dada wa miaka 21 anayeshika simu ya duka aende nyumbani. Mshahara wake ndio hiyo akiba. Kama hesabu ingekuwa ya kweli ningenyamaza, lakini haijakamilika, na wanaoiuza hawana haraka ya kuikamilisha.

Tuanze na bei. Kila mtu hapa anajua tokeni za stima. Unalipa M-Pesa, unapata namba, unaingiza kwa mita, halafu unaanza kuangalia zikiisha. AI ya biashara inauzwa hivyohivyo, na jina ni hilohilo: tokeni. Ile ya bure unayotumia kwa simu yako isikudanganye. Roboti ya duka ina mita. Inakatakata maneno vipande, kila kipande ni tokeni, na unalipia inachosoma na inachoandika.

Sasa hapa ndipo mtu wa huku anaumia. Hizi mashine zimelishwa Kiingereza kuliko lugha nyingine yoyote, kwa hivyo neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni tokeni moja tu. Andika "nitakutumia" uone likikatwa kama nyirinyiri. Kisomali nacho ni vilevile. Yaani swali ni lile moja, lakini ukiuliza kwa lugha ya mama yako linakula tokeni zaidi. Halafu mteja akituma meseji ya kumi, mashine inapitia tena zile tisa za kwanza ndiyo ijue mnaongea nini, na hizo pia zinahesabiwa. Na nyinyi mnajua biashara ya Garissa. Nani hapa hununua kwa meseji moja? Kwanza salamu, habari ya nyumbani, habari ya mvua, mbuzi wako vipi, ndipo tufike kwa bei. Mita inazunguka tangu salaam aleikum.

Bili yenyewe inahesabiwa kwa dola. Mapema 2024 dola ilikaribia shilingi 160, baadaye ikashuka hadi karibu 130. Mshahara wa yule dada haupandi kwa sababu shilingi imelala vibaya. Na hata hiyo bei ya leo ni ya ofa. OpenAI na wenzao wanatumia pesa nyingi kuliko wanazoingiza, wawekezaji ndio wanafidia. Sisi ni watu wa bando, ofa tunaijua: ukishazoea, bei inabadilika.

"Lakini roboti haichoki, haiombi ruhusa." Sawa. Ila dada hapotei intaneti ikipotea. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na mtandao ukatambaa Afrika Mashariki nzima. Huku Garissa, Wajir na Mandera minara ya simu imelipuliwa mara ngapi? Stima nayo, mtambo wa sola wa megawati 50 tunao tangu 2019, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa. Gridi ikilala, na sisi tunalala.

Halafu kuna kazi yenyewe. Mteja anaandika, "walaal, ile ya jana waa imisa?" Dada anajua huyo ni nani, anajua ile ya jana ni gani, anajua pia kuna deni la mwezi uliopita halijalipwa. Roboti itabahatisha. Ikibahatisha vibaya nani analipa? Waulize Air Canada. Roboti yao ilimdanganya abiria kuhusu nauli ya msiba, na Februari 2024 baraza la huko Canada likaamua kampuni imlipe. Walijaribu kusema roboti ibebe makosa yake yenyewe, wakakataliwa. Kwa hivyo bosi lazima aweke mtu wa kukagua majibu. Huyo mtu hayumo kwenye ile hesabu nzuri uliyoonyeshwa. Mara nyingi ni binamu wa bosi, na halipwi.

Klarna ya Sweden ilijigamba 2024 kwamba roboti yake inafanya kazi ya watu 700. Mwaka uliofuata bosi wao mwenyewe akarudi kutafuta binadamu wa kuongea na wateja. Na wale wana pesa kuliko sisi sote.

Kitu kinachonichoma zaidi ni hiki. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza vile vijana wa kampuni ya Sama, hapo Nairobi tu, walisoma maandishi machafu siku nzima ili ChatGPT isiyarudie. Mkataba wa OpenAI ulilipa Sama dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alipata kati ya dola 1.32 na 2. Kijana Mkenya alilipwa senti kuisafisha hii kitu, sasa kijana mwingine Mkenya anafutwa kwa sababu yake. Na bado mnaniambia ni bei rahisi. Rahisi kwa nani?

Sijasema AI ni haramu. Mimi naitumia kuandika manukuu ya video, na dada wa duka akipewa atapanga oda haraka zaidi. Mpe yeye AI, usimpe AI kiti chake. Chuo sikumaliza, lakini kujumlisha najua.

Bosi anayebisha tufanye jaribio. Kumi la mwisho la Ramadhani, wakati maduka ya nguo yamejaa mpaka usiku, simu moja mpe dada, ya pili mpe roboti. Ukimaliza jumlisha kila kitu: tokeni, dola, bando, binamu, na wateja waliochoka wakaenda kwa jirani. Posti hizo namba hapa chini. Roboti ikishinda, nitakufanyia tangazo bure mwezi mzima.