Kibera na Kawangware zanunua intaneti bila anwani

SIMU inayojiunga na intaneti ya bei nafuu katika kijiji cha Laini Saba, Kibera, hupewa nambari ya utambulisho ambayo aghalabu huanza kwa 192.168 au kwa 10. Simu nyingine iliyoko Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, yaweza kubeba nambari iyo hiyo, bila kutofautiana hata tarakimu moja, na zisigongane kamwe.

Ni kama chumba namba 4, ambacho hakikosi katika ploti nyingi za mitaa hiyo. Mwangalizi wa ploti anakijua, lakini barua iliyoandikwa "chumba namba 4" pekee haiwezi kumfikia mwenyewe kutoka Mombasa. Nambari hizo zilitengwa mwaka 1994 zitumike ndani ya mitandao ya faragha tu, na intaneti kwa jumla haizisafirishi.

Kinachowaunganisha wakazi hao na ulimwengu ni mbinu ya kutafsiri anwani, ijulikanayo kwa herufi NAT. Wakenya wana mfano wake wa tangu jadi, yaani sanduku la posta. Maelfu ya watu wasio na sanduku lao wamepokea barua kupitia sanduku la shule, la kanisa au la mwajiri, na karani ndiye aliyejua barua ipi ni ya nani.

Ruta hufanya kazi ya karani huyo. Ombi linapotoka kwenye simu, ruta hufuta anwani ya ndani, huweka anwani yake yenyewe inayotambulika duniani, kisha huongeza namba ya mlango na kuiandika katika daftari lake. Namba hizo ni takriban 65,000 kwa kila anwani. Jibu likirejea, ruta hutazama daftari na kulikabidhi kwa simu husika. Ujumbe ambao haukuombwa na yeyote hutupwa, kwa kuwa haupo daftarini.

Mbinu hii ilielezwa mwaka 1994 na Kjeld Egevang na Paul Francis kama nafuu ya muda tu, kwa kuwa mfumo wa anwani uliotumika una nafasi ya takriban bilioni 4.3, na ilikuwa dhahiri kwamba zingekwisha. Zaidi ya miaka 30 baadaye, nafuu hiyo ya muda ndiyo inayoibeba mitaa mizima.

Ugavi wenyewe haukuwa wa haki. Chuo cha MIT nchini Marekani kilipewa zaidi ya anwani milioni 16 enzi ambazo hakuna aliyezihesabu. Kibera ilikuwa na wakazi wapatao 170,000 katika sensa ya 2009, hivyo fungu la chuo hicho kimoja lingempa kila mkazi karibu anwani 100. Mwaka 2017 chuo kilitangaza kwamba kingeuza milioni 8 kati ya zile ambazo hakikuwa kimezitumia.

Afrika ilifika karamuni sufuria zikikwanguliwa. Hazina kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani humu kutoka Mauritius, lilianza kubana matumizi, na tangu Januari 2020 mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kisha mwaka 2021 likazama katika kesi na kampuni ya Cloud Innovation kuhusu anwani zaidi ya milioni 6, likakosa bodi na kuishia chini ya meneja mrasimu, hadi wakurugenzi wapya walipochaguliwa Septemba 2025.

Katika hali hiyo, mtoaji huduma anayelenga wateja wa kipato cha chini hana budi kuwabananisha. Wengi duniani hutafsiri anwani mara mbili, kwanza nyumbani kwa mteja na tena katika mitambo ya kampuni, hivi kwamba mamia ya familia huonekana huko nje kama mtu mmoja.

Hapo ndipo penye hatari. Mmoja akituma barua taka, tovuti hufungia anwani nzima, na majirani huadhibiwa pamoja naye. Aidha, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inawawezesha wapelelezi kuomba amri ya mahakama ili wapewe taarifa za mteja. Lakini anwani bila namba ya mlango na saa kamili haimtaji mtu, inataja mtaa. Polisi wa Ulaya, Europol, walilalamikia jambo hilo Oktoba 2017. Katika mitaa ambako vijana hukamatwa kwa kutembea tu usiku, ushahidi wa namna hiyo si wa kuchukuliwa kwa wepesi.

Hasara ya pili haionekani kwa macho. Huko Kibera, taasisi ya Tunapanda ilijenga mtandao wa kijamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya redio, na masomo hufikiwa kutoka kwa seva iliyo humo ndani. Lakini seva yoyote iliyo nyuma ya tafsiri ya anwani haiwezi kutembelewa kutoka nje bila mpango maalumu. Mwanafunzi wa Kawangware akiitaka, kazi ya Kibera hulazimika kupakiwa kwanza kwenye seva ya kukodi, pengine ughaibuni. Mtaa unaruhusiwa kuita, hauruhusiwi kuitwa.

Wapo wanaosifu NAT kuwa ni ngao ya usalama. Ni ngao yenye matundu, kwani haizuii virusi ambavyo mtumiaji amejipakulia mwenyewe.

Dawa ipo. Mfumo mpya wa IPv6 una anwani za kutosha kila simu, kila ruta na kila seva ya shule. Kinachouchelewesha ni vifaa vya zamani, gharama ya mafunzo, na ukweli kwamba mteja anayelipia kifurushi hauliziwi wala haulizi. Mamlaka ya Mawasiliano, iliyotoa mwongozo wa leseni za mitandao ya kijamii mwaka 2021, ina uwezo wa kuwauliza watoaji huduma maswali mawili kwa niaba yake: daftari la milango huhifadhiwa kwa muda gani, na IPv6 itafika lini kwenye ruta iliyo juu ya mabati ya Gatwekera.