Nyanya, mbona mimi ni mgeni?

Majuzi nilialikwa chakula cha mchana katika nyumba moja mtaani Woodley, karibu na Barabara ya Joseph Kang'ethe. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na furaha isiyo kifani. Mwanawe aliyeko Marekani na bintiye aliyeko Uingereza walikuwa wamefika pamoja, kila mmoja na watoto wake.

Mjomba wao akaanza kuwasalimu wajukuu. Wale wa kijana aliwaita wenye boma. Wale wa binti akawauliza, "Na nyinyi wageni, mnarudi kwenu lini?" Mvulana wa miaka saba akamgeukia nyanyake kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Nyanya, mbona mimi ni mgeni?" Sote tukanyamaza, hata mimi.

Usimcheke mzee huyo. Katiba yetu ya zamani ilisema vivyo hivyo. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo alikuwa Mkenya wa kuzaliwa kupitia kwa babake tu. Mke wa kigeni wa kijana wetu aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mume wa kigeni wa binti yetu hakuwa na njia hiyo. Mambo yalibadilika Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa. Sasa Kifungu cha 14 chatosheka na mama au baba, mtoto awe amezaliwa Woodley au London. Kifungu cha 15 kinampa mume haki sawa na mke ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa.

Hayo ni ya kitabuni. Mezani, kijana ana watoto na wanawake wawili tofauti, na mjomba alicheka akamwita dume. Binti, aliyeachana na mumewe, alipokataa kusema kama ana mchumba mwingine, ilinong'onwa jikoni kwamba Uingereza imemharibu. Je, msomaji, kati ya ndege iliyompeleka binti na ile iliyompeleka kakake, ni ipi iliyobeba uharibifu? (Karo ya mpwa wao aliye chuoni, nijuavyo mimi, hutumwa na huyo aliyeharibika.)

Mama hakutoa hotuba. Alimshika mvulana mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye mti wa avokado, akamwonyesha tawi aliloangukia mamake akiwa wa umri wake. Mjomba akaomba chai nyingine.