Tahadhari kwa Wavuvi wa Kivu: Sambaza Ana Mshindani

Wavuvi wa Bukavu, Kabare, Kalehe na Idjwi, nanyi mama zetu mnaouza samaki Kadutu na Beach Muhanzi, kuna mambo mawili yanayofanyika ziwani ambayo yakiendelea pamoja yatatunyang'anya sambaza. La kwanza ni kukokota vyandarua vya mbu kwenye fukwe za mchanga. La pili ni kubeba samaki hai kutoka maji mengine na kuwamwaga Kivu. Naomba yote mawili yakome sasa, wakati sambaza bado yupo.

Sambaza mwenyewe alikuja kama mgeni. Maelfu ya miaka iliyopita volkano za Virunga ziliziba njia ya maji ya kuelekea kaskazini, ziwa likajaa mpaka likapata mlango hapa Bukavu, likaanza kushuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Ndiyo maana Kivu ina aina chache za samaki, na katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walileta vifaranga vya samaki wawili wa Tanganyika, Stolothrissa na Limnothrissa. Wa kwanza alishindwa kuishi. Wa pili ndiye huyu tunayemla na bugali. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa kitu, kisha idadi ikapanda, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 watu walianza kumvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu.

Familia nyingi za mji huu zimesomesha watoto kwa sambaza, na sitaki mtu adhani nawalaumu waliomleta. Hata hivyo ziwa lililipa gharama. Daphnia, kijidudu kikubwa kilichokuwa kikila mwani, kilitoweka, na chakula cha kuelea kikapungua. Mwaka 1986 mwanasayansi wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliuliza waziwazi katika makala yake kama huyu samaki si janga jingine kwa Afrika. Hilo lilitokea sambaza akiwa peke yake kwenye sahani.

Sasa hayuko peke yake. Mwaka 2006 alionekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus. Mnamjua kwa macho: mwembamba, wa rangi ya fedha, mwenye mistari ya vidoadoa vya buluu vinavyong'aa ubavuni, na dume aliyekomaa hufikia sentimita 15. Kati ya hapa na Uvira mto Ruzizi una maporomoko na mabwawa ya umeme, na mimi sioni samaki mdogo kama huyo akiyapanda. Naamini alibebwa na mkono wa mtu, kwa kujua au kwa kutojua. Watafiti wa Kituo cha Haidrobiolojia cha Uvira na wa chuo cha ualimu cha ISP Bukavu wamemfuatilia tangu siku zile, na wanachokisema kinatuhusu sote: anakula vijidudu vya kuelea na wadudu, yaani sehemu kubwa ya kile anachokila sambaza.

Ugomvi huu ni mkali kuliko unavyoonekana kwa sababu sahani yenyewe ni nyembamba. Kivu ina kina cha mita 485, lakini hewa ya oksijeni inaishia karibu na mita 60 au 70 za juu. Chini ya hapo kuna methani na kabonidioksidi, na samaki haishi. Ukitazama ziwa kutoka vilima vya Nguba unaona maji yasiyo na mwisho, kumbe maji ya kukaa samaki ni tabaka la juu tu.

Sayansi inaujua ugomvi wa namna hii: mwaka 1934 mwanabiolojia wa Urusi, Gause, aliweka aina mbili za viumbe wadogo wa Paramecium katika chombo kimoja na kuwapa chakula kilekile. Kila aina ikiwa peke yake iliongezeka haraka, kisha ikatulia pale chakula kilipofikia kikomo. Zikiwa pamoja, moja iliisha kabisa. Ziwa lina nafasi nyingi kuliko chupa, na aina mbili zinaweza kuishi pamoja zikigawana mahali. Sambaza mkubwa hukaa mbali, kwenye maji ya wazi. Lakini sambaza mchanga hukulia ufukweni, na ufukwe ndio makazi ya huyu mgeni. Kwa hiyo vita vyao vinapiganwa pembeni, miguuni petu, kati ya samaki wadogo kuliko kidole.

Hapo ndipo chandarua kinapoingia. Lamprichthys huficha mayai yake katika nyufa za miamba, mahali ambapo hakuna wavu wa kukokota unaofika. Vifaranga vya sambaza viko kwenye mchanga, na chandarua kinavisomba vyote. Angalia beseni la asubuhi: utaona vijiti vyeupe visivyo na magamba ya kuonekana, mia kadhaa katika kikombe kimoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaga. Sambaza huzaa mapema na haishi miaka mingi, kwa hiyo kizazi kimoja kikisombwa pengo linaonekana haraka. Mshindani wake analijaza. Kwa hukumu yangu, chandarua cha mbu ni msaada tunaompa Lamprichthys bila yeye kuuomba.

Najua njaa ilivyo. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 nyumba nyingi zimepoteza kipato, na ziwa ndilo lililo karibu. Simwambii mtu aache kula. Nasema tubadilishe tunayemvua: nyavu za makila zitegwe kwenye miamba, Lamprichthys avuliwe kwa wingi, naye ni samaki mzuri wa kukaanga. Mama zetu wamnunue, bei ipande, na vijana waone faida kumfuata yeye badala ya vifaranga vya mchangani. Rwanda hufunga uvuvi wa Kivu kwa muda kila mwaka, lakini sambaza havuki mpaka kwa kitambulisho. Kufunga upande mmoja kunasaidia nusu. ABAKIR, inayounganisha Kongo, Rwanda na Burundi katika bonde hili, iwe mahali pa kukubaliana tarehe moja.

Kuhusu samaki hai, sina la kulegeza. Tanganyika ina mgebuka, mla dagaa hodari. Akivushwa kwa ndoo mpaka hapa, sambaza ataliwa na mmoja huku akinyang'anywa chakula na mwingine. Ziwa Victoria lilimwagiwa sangara miaka ya 1950 na 1960, akanyamaza, na katika miaka ya 1980 mamia ya aina za furu yalikuwa yanapotea. Hakuna aliyeweza kumtoa. Mwenye bwawa la samaki milimani asiliachie maji yake yashuke ziwani na vifaranga ndani. Mwenye samaki wa mapambo asiwamwage hata mmoja.

Na ukikuta wavuni samaki usiyemfahamu, usimrudishe majini. Mpige picha, andika ufukwe na siku, mweke katika chumvi au pombe kali, kisha umpeleke kwa watu wa haidrobiolojia ISP Bukavu siku hiyohiyo.